Mayai ya Kipolandi ya kujazwa ndani ya maganda: yakigoma, anzia kutafuta wapi

Wapolandi huyaita jajka faszerowane w skorupkach. Mayai yanachemshwa hadi yaive kabisa, yanakatwa mawili kwa urefu pamoja na maganda yake, kilichomo kinachotwa, kinakatwakatwa na kuchanganywa na siagi na majani mabichi, halafu kinarudishwa kwenye maganda yaleyale. Juu yake zinapakwa chenga za mkate mkavu, na kila nusu inalazwa kifudifudi kwenye siagi ya moto hadi chenga zipate rangi ya dhahabu. Huliwa kwa kijiko kidogo, moja kwa moja kutoka kwenye ganda, yakiwa bado ya moto. Nyumba nyingi huyaandaa kwa kifungua kinywa cha Jumapili ya Pasaka, meza moja na soseji nyeupe, supu ya żurek na mzizi mkali wa chrzan uliokunwa, ingawa hakuna anayekukataza kuyapika siku yoyote.

Vitu vinavyohitajika ni vichache, na ndiyo maana kosa dogo halina pa kujificha. Kwa mayai 6 ya kuchemsha chukua kiini 1 kibichi, vijiko 2 vya chakula vya siagi laini, vijiko 3 vya majani ya kitunguu yaliyokatwa madogo sana, kijiko 1 cha majani ya shibiti ukiyapata, kijiko 1 cha chenga za mkate, chumvi na pilipili manga. Weka pembeni chenga nyingine za kupaka juu na siagi au samli ya kukaangia.

Jambo moja la kushika kabla hatujaanza: karibu kila kasoro unayoiona kikaangoni imetoka nyuma, kwenye sufuria au kwenye ubao wa kukatia. Ukianza kuhangaika na moto wakati mchanganyiko wenyewe una majimaji, utamaliza siagi bure.

Yai linapasuka likiwa bado kwenye maji

Kwa mapishi mengine yai lililopasuka ni hasara ndogo. Hapa ganda ndilo bakuli lako, kwa hiyo ufa mmoja unakunyima vipande viwili mezani. Chanzo cha kawaida ni yai la baridi kutoka kwenye friji kutumbukizwa kwenye maji yanayochemka kwa nguvu. Upande butu wa yai una kifuko cha hewa. Hewa hiyo ikipata joto ghafla inatanuka, na isipopata njia ya kutoka inapasua ganda. Chanzo cha pili ni mayai kugongana chini ya sufuria.

Toa mayai kwenye friji nusu saa kabla. Yashushe kwa kijiko, moja moja, na maji yawe yanachemka taratibu, si kwa kurukaruka. Ukitaka uhakika zaidi toboa tundu dogo upande ule butu kwa pini safi. Kijiko cha siki kwenye maji hakizuii ufa, ila kinafanya ute unaovuja ugande haraka na kuuziba. Yai la namna hiyo linaweza kukatwa bado, mradi uelekeze kisu kupita palepale kwenye ufa.

Kiini kina duara la kijani, au katikati bado kibichi

Duara la kijani kibichi linaloelekea kijivu hutokea pale salfa ya kwenye ute inapokutana na madini ya chuma ya kwenye kiini. Halina madhara, ila lina harufu, na mchanganyiko wote unakuwa na rangi ya kuchosha. Sababu ni kuchemsha kupita kiasi au kuacha mayai yapoe polepole kwenye maji yake ya moto. Dakika 10 tangu mayai yaingie kwenye maji yanayochemka zinatosha kwa yai la ukubwa wa kati. Baada ya hapo mwaga maji ya moto na uyaingize kwenye maji baridi, uyabadilishe yakipata uvuguvugu.

Kinyume chake huwapata wanaopikia miinuko. Kraków iko mita 200 na kidogo tu juu ya usawa wa bahari, na Warszawa iko chini zaidi, kwa hiyo dakika zinazotajwa na wapishi wa huko ni za maji yanayochemka karibu na nyuzi 100. Nairobi iko karibu mita 1,700. Pale maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Ongeza dakika moja au mbili, vivyo hivyo kwa Mbeya au Kigali. Kiini kinachonata katikati kinakatika vibaya na kinaleta unyevu ambao utakusumbua baadaye.

Ganda linavunjika vipandevipande unapolikata

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, na ndipo palipo na mengi ya kusema.

Angalia kwanza yai lenyewe. Kuku anavyozidi kuzeeka hutaga mayai makubwa zaidi, lakini chokaa anayoweka kwenye ganda haiongezeki kwa kiasi hicho, basi ganda linakuwa jembamba. Yale mayai makubwa ya kuvutia dukani si ya kazi hii. Chagua ya ukubwa wa kati au madogo. Mayai ya kuku wa kienyeji mara nyingi yanafaa sana, ukikubali kwamba kila mgeni atapata kijiko au viwili tu kwa kila nusu.

Pili, joto. Yai la vuguvugu lina kiini kinachomomonyoka na ute laini unaokubali kubonyea. Kisu kikisukuma, ganda linabonyea pamoja nao na kusagika. Liache lipoe kabisa, hadi ndani. Wapishi wengi wa Kipolandi huchemsha mayai jioni na kuyakata asubuhi, na sababu si uvivu.

Tatu, kisu na mkono. Kosa la kawaida ni kubonyeza polepole. Ganda haliwezi kustahimili shinikizo la pole linaloenea. Linahitaji pigo moja fupi mahali pamoja. Tandaza kitambaa kilichokunjwa juu ya ubao, laza yai kwa ubavu, lishike ncha kwa vidole vilivyokaa mbali na njia ya kisu. Tumia kisu kizito chenye makali, ligonge mara moja kwa kujiamini katikati kwa urefu hadi makali yazame, kisha malizia kwa kusukuma moja kwa moja hadi chini. Anayeogopa njia hiyo atumie kisu chenye meno, kile cha mkate: asugue kidogokidogo kuzunguka ganda lote kwanza, bila kuingia kwenye ute, na duara likikamilika ndipo akate ndani. Inachukua muda, lakini kwa anayeanza mimi ningemshauri njia hii ya pili bila kusita. Ile ya pigo moja inapendeza kuitazama kwa mtu aliyekwisha kuizoea.

Hata mkono ukiwa mzuri, ukingo utakuwa na meno machache. Hilo si tatizo. Bana kwa kidole vile vipande vinavyoning'inia uvitoe, na usivute utando mweupe ulioshikamana na ganda kwa ndani. Utando huo ndio unaoshikilia ganda lenye nyufa lisisambaratike. Nusu yenye nyufa mbili tatu, utando wake ukiwa mzima, itafika mezani salama.

Chemsha yai moja au mawili ya akiba. Maganda 10 yaliyojaa vizuri ni bora kuliko 12 yaliyojaa nusunusu, na utaona kwa nini.

Ute umeng'ang'ania ganda na hautoki

Yai ni jipya mno. Yai lililotagwa jana au juzi lina hewa ya kaboni nyingi ndani, na ute wake haujawa na ukali wa kutosha wa magadi. Kadiri siku zinavyopita hewa hiyo inatoka kupitia vitundu vya ganda, ute unabadilika, na unaposhika moto hauambatani tena na utando kwa nguvu ileile. Mayai ya wiki moja hadi mbili ndiyo mazuri. Kama hujui umri wake, litie kwenye bakuli la maji: likilala ubavu ni jipya, likiinua upande butu limekaa siku kadhaa na linafaa, likielea juu liache.

Kama huna mengine isipokuwa hayo mapya, kumbuka kwamba kuyaanzisha kwenye maji yanayochemka tayari, badala ya maji baridi, kunasaidia ute usigande pamoja na utando. Na wakati wa kuchota tumia kijiko cha chai chenye ukingo mwembamba. Kiingize kati ya ute na ganda, mgongo wa kijiko uelekee ganda, ukizungushe polepole. Usichimbue kutoka katikati.

Kuna vipande vya ganda mdomoni

Aibu ya meza nzima, na tiba yake ni dakika moja. Usikatekate yai kwenye ubao uleule uliopasulia maganda. Kabla ya kukata, pitisha kidole chenye maji kwenye uso wa kila nusu. Punje za ganda zinashika kidole. Kisha futa ukingo wa kila ganda kwa kitambaa chenye unyevu.

Usafi wa ganda lenyewe ni suala lingine. Mayai ya daraja la A katika nchi za Umoja wa Ulaya, Polandi ikiwemo, huuzwa bila kuoshwa, na ya kwetu yanayotoka kwenye trei mara nyingi yana alama za banda. Yasugue kwa brashi na maji ya uvuguvugu kabla tu ya kuchemsha, maana mtu atakula kutoka humo. Ukitaka maganda ya rangi kama ya Pasaka, chemsha mayai pamoja na maganda makavu ya vitunguu maji. Hiyo ni njia ya zamani ya Polandi, inatoa rangi ya kahawia inayoelekea wekundu na haina sumu. Rangi za vibandani zisizo za chakula zisikaribie sahani hii.

Mchanganyiko una majimaji na haushikamani

Mchanganyiko sahihi ni kama ule wa katlesi kabla haijaingia kwenye mafuta: ukiufinyanga unashika umbo, ukiugusa hauachi maji kwenye kidole. Ukiona maji yanachuruzika chini ya bakuli, pitia mambo manne.

Majani. Majani ya kitunguu na shibiti huoshwa, na mara nyingi hutupwa ubaoni yakiwa bado yanadondosha maji. Yakaushe kwenye kitambaa kabisa kabla ya kukata. Katika bustani za Polandi hutumika szczypiorek, majani membamba sana ya jamii ya kitunguu yenye maji kidogo. Majani ya vitunguu vya sokoni kwetu ni manene na yana ute ndani ya mirija, kwa hiyo tumia sehemu ya juu ya kijani tu, uache ile nyeupe.

Chumvi. Ikitiwa mapema na mchanganyiko ukakaa, inavuta maji kutoka kwenye majani. Itie mwisho, dakika chache kabla ya kujaza.

Yai bichi. Kiini kimoja kinafunga mchanganyiko. Yai zima, pamoja na ute wake, linaulegeza, hasa kama mayai yako ni madogo. Wako wanaotia kijiko cha malai mazito yaliyochachuka, śmietana, na ladha yake ni nzuri, lakini ukitia hicho punguza kingine.

Viungo vya nyongeza. Uyoga uliokatwa ni nyongeza inayopendwa sana Polandi, na uyoga ni maji matupu. Ukaange hadi maji yote yakauke na uanze kugeuka kahawia, kisha upoe. Kitunguu vilevile.

Umekwisha kuharibika? Ongeza kijiko kimoja cha chenga za mkate, acha dakika 10 chenga zinywe maji, kisha jaribu tena. Ukijikuta unatia kijiko cha nne, simama; sasa unapika mkate wenye ladha ya yai.

Mashine ya kusagia ni adui wa pili hapa. Inageuza ute kuwa uji unaonata. Kata kwa kisu, vipande vidogo kama punje za mchele, au kuna kwenye kikunio chenye matundu makubwa. Kiini unaweza kukiponda kwa uma.

Mchanganyiko ni mkavu, unamomonyoka, unabanduka kwenye ganda

Siagi haijatosha, au ilikuwa ngumu na ikabaki mabonge. Siagi laini iliyopondwa pamoja na viini ndiyo inayounganisha vyote, na ikiyeyuka kikaangoni ndiyo inayolainisha. Majarini ya kupaka mkate si mbadala mzuri: nyingi zina maji mengi, na kikaangoni maji hayo yanageuka mvuke unaosukuma mchanganyiko utoke gandani. Kwa kulinganisha, siagi halisi katika Umoja wa Ulaya hairuhusiwi kuzidi asilimia 16 ya maji.

Sababu nyingine ni kujaza kwa kijiko bila kukandamiza. Bonyeza kwa kidole gumba hadi kwenye pembe za ganda, pasibaki hewa chini.

Chenga zimebaki nyeupe katikati, zimekolea pembeni tu

Watu huongeza moto. Moto hauna kosa. Mchanganyiko uko chini ya ukingo wa ganda, kwa hiyo ukilaza nusu hiyo kifudifudi ganda ndilo linaloketi kikaangoni na chenga zinaning'inia juu ya siagi bila kuigusa. Jaza hadi upite ukingo kidogo, uwe na mgongo mdogo sana, kisha sawazisha kwa kisu. Hii ndiyo faida ya lile yai la akiba.

Kwa upande mwingine, mgongo ukiwa mkubwa, nusu itayumba na kupinduka. Milimita mbili tatu zinatosha.

Chenga zinaungua na ndani bado baridi

Kuna vyanzo vitatu, na wa kwanza ni mkate. Chenga za Kipolandi, bułka tarta, hutokana na mikate midogo ya ngano iliyokaa ikakauka, ambayo kwa kawaida haina sukari ya kuonja. Mkate mwingi wa slesi unaouzwa Afrika Mashariki una sukari, na baadhi una maziwa. Sukari inawahi kuungua. Tafuta mkate usio mtamu, ukate, uukaushe juani au kwenye oveni ya moto mdogo, uusage na kuuchekecha. Chenga kubwa huchomoza na kuungua kabla ya wenzake.

Wa pili ni siagi. Ile sehemu ya maziwa iliyomo ndani yake huanza kuwa nyeusi mapema. Wapolandi hupambana na hili kwa masło klarowane, siagi iliyosafishwa, ambayo kwa mpishi wa pwani si jambo geni: tumia samli. Weka samli ya kukaangia na kipande kidogo cha siagi kwa ajili ya harufu.

Wa tatu ni mchanganyiko uliotoka kwenye friji moja kwa moja. Uache nje dakika 20, kaanga kwa moto wa wastani unaoelekea mdogo kwa dakika 3 hadi 4, na usiguse kabla ya hapo. Usifunike kikaango; mvuke unarudi chini na kulainisha chenga ulizozihangaikia. Ukiwa na mengi, yapange kwenye trei chenga zikiwa juu, weka vipande vya siagi, uyaingize kwenye oveni ya nyuzi 180 kwa dakika 10 hadi 12. Yanakuwa mazuri, ingawa ukoko wa kikaangoni haushindwi.

Ukigeuza, ukoko unabaki kikaangoni

Umewahi mno. Ukoko ukikamilika unajiachia wenyewe. Sukuma ganda kidogo kwa kidole, likiteleza liko tayari. Lisipoteleza, ngoja nusu dakika. Tumia mwiko bapa mwembamba, uingize chini kabisa, wala usinyanyue kwa kushika ganda. Mara chache tatizo huwa ni siagi kidogo mno. Chenga ni kavu, zinakunywa, na kikaango kilichoonekana kimejaa mafuta mwanzoni kinaweza kuwa kikavu kufikia mzunguko wa pili.

Yana ladha ya kupooza

Onja mchanganyiko kabla ya kutia kiini kibichi, na uukolee zaidi kidogo ya unavyodhani, maana yai na chenga hufifisha chumvi. Pilipili manga isagwe papo hapo. Ikiwa bado pamepooza, kijiko cha chai cha chrzan iliyokunwa, au haradali kali ukiikosa, kinaamsha vyote. Rangi ya kiini isikusumbue: hutokana na chakula cha kuku, kama mahindi ya njano na majani mabichi, na kiini cheupe kinaweza kuwa na ladha nzuri kabisa.

Unataka kuandaa mapema

Jaza maganda jioni, usipake chenga, funika vizuri na uweke kwenye friji. Asubuhi paka chenga ukiwa tayari kukaanga. Zikikaa usiku kucha zinalowa na hazitakauka tena. Kwa kuwa kuna kiini kibichi ndani, mchanganyiko usikae nje zaidi ya zile dakika za kuondoa baridi, na hakikisha moto umefika katikati. Yaliyokaangwa yakabaki yasizidi saa 2 mezani. Ya kesho yake rudisha kwenye kikaango kikavu, chenga chini, moto mdogo. Siagi iliyomo ndani inatosha.